Miale Isiyorudi: Njia Nne za Kuiga Data ya Lida, na Ipi Ikufae

Tuchukue mtaa mmoja. Mvua imekatika muda si mrefu, lami inameremeta, na mita 40 mbele, kando ya barabara, limeegeshwa gari jeusi lililong'arishwa. Nyuma yake amesimama mtoto anayengoja kuvuka. Gari letu linalojiendesha linakuja. Juu ya paa lake kuna lida, ndugu wa rada anayetumia mwanga wa leza badala ya mawimbi ya redio. Inazunguka mara 10 kwa sekunde, inarusha miale na kupima muda ambao kila mwali umetumia kwenda na kurudi. Kwa macho yetu gari jeusi linaonekana wazi. Kwenye data ya lida, ubavu wake ni shimo. Kuna nukta kadhaa penye kibao cha namba, mbili tatu kwenye taa, kisha hakuna kitu. Lami nayo imetoboka, maana maji yameigeuza kioo na miale imesukumwa mbele badala ya kurudi ilikotoka.

Shimo hilo ndilo kipimo changu katika makala hii yote. Kuweka nukta mahali zinapostahili ni kazi ya jiometria, na kompyuta zinaimudu kwa miaka mingi. Kujua ni mwali upi hautarudi ndiyo kazi iliyowaleta watafiti kwenye kujifunza kwa mashine, na hapo ndipo njia za uigaji zinapoachana. Wanaoanza huniuliza ni programu gani nzuri kuliko zote. Siwezi kujibu hivyo. Naweza kuzipitisha njia nne kwenye mtaa uleule, mbele ya gari lilelile jeusi, halafu nikuambie kila moja inakupa nini na inakunyima nini.

Kwanza, lida inafanya nini hasa

Mwanga husafiri karibu sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde. Kwa kuwa unakwenda na kurudi, kila nanosekunde ya kusubiri ni sentimita 15 za umbali. Kitu kilicho mita 100 hujibu baada ya nanosekunde 667 hivi. Nguvu ya mwanga unaorudi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: kitu kikienda mbali mara mbili, kinachorudi ni robo. Uso ukiwa mshazari, hupungua tena. Rangi nyeusi huumeza mwanga. Kioo huupitisha au huutupa kwingine.

Halafu mwali wenyewe si uzi. Hutanuka kadiri unavyokwenda, na mwali unaotanuka miliradiani 3, yaani milimita 3 kwa kila mita, huwa na upana wa sentimita 30 ufikapo mita 100. Ukigusa ukingo wa nguzo, nusu yake hupiga nguzo na nusu hupiga ukuta ulio nyuma. Kihisi hutoa majibu mawili, au hutoa nukta moja ya uongo inayoelea katikati. Na kuna suala la muda: gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa husogea mita 2 lida ikimaliza mzunguko mmoja wa sekunde 0.1. Mwanzo na mwisho wa picha moja vimepigwa kutoka sehemu mbili tofauti, na magari mengine nayo yamehama katikati ya zoezi.

Ukishika hayo utaona kwa nini picha za uigaji zinazovutia machoni zinaweza kumdanganya mtu. Wingu la nukta lililokamilika, lisilo na tundu hata moja, linapendeza kwenye skrini. Lida ya kweli haijawahi kutoa wingu kama hilo.

Njia ya kwanza: injini ya michezo ya kompyuta

Hapa mfano unaojulikana kuliko yote ni CARLA, iliyotolewa mwaka 2017 na watafiti wa Intel Labs, Toyota Research Institute na Computer Vision Center ya Barcelona. Imejengwa juu ya Unreal Engine, injini inayotengenezea michezo ya kompyuta, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Unachagua mji, unaweka magari, unaweka watu, unabandika lida juu ya paa, na data inaanza kutiririka siku hiyohiyo.

Mtaa wetu ndani ya CARLA ni rahisi kuujenga. Gari jeusi linaegeshwa palipo, mtoto anasimamishwa nyuma yake, na ukitaka atoke mbio mara elfu moja kwa kasi elfu moja tofauti, atatoka. Lebo unazipata bure na bila kosa: programu inajua nukta ipi ni ya mtoto na ipi ni ya gari, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyowaweka. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa uhuru huo.

Sasa tazama shimo. Katika lida ya kawaida ya CARLA, nguvu ya mwanga unaorudi hukokotolewa kutokana na umbali na hewa tu. Rangi haimo, wala aina ya uso. Gari jeusi na ukuta mweupe vilivyo umbali mmoja hurudisha mwanga sawasawa. Ukiiacha na mipangilio yake ya asili, inaona hadi mita 10 tu na hutupa asilimia 45 ya nukta kwa bahati nasibu. Matokeo yake ni matundu yaliyotawanyika kila mahali kama chekecheke, ilhali kwenye data halisi matundu huja kwa makundi: kioo chote cha mbele, ubavu mzima, kipande chote cha lami iliyolowa. Modeli ya kutambua vitu iliyolelewa kwa chekecheke haijapata kuliona shimo lenye umbo la gari. Ikikutana nalo barabarani inasema njia ni nyeupe.

Kuna mambo matatu ambayo natamani kila anayeanza angeambiwa mapema. La kwanza ni mpangilio wa miale. Velodyne HDL-64E, lida iliyotumika kukusanya KITTI, mkusanyo maarufu wa data za barabarani, ina miale 64 katika makundi mawili: ya juu imepishana kwa theluthi moja ya digrii, ya chini kwa nusu digrii. CARLA huigawa miale kwa nafasi sawa kutoka juu hadi chini. Ukiweka namba 64 na kudhani umepata HDL-64E, mistari yako kwenye lami inaangukia mahali pengine kabisa.

La pili ni muda. Katika kila hatua ya uigaji, fizikia ya CARLA husimama wakati nukta zinakokotolewa. Ukiendesha hatua 10 kwa sekunde na lida ikizunguka mara 10, mzunguko wote ni wa papo moja na ule upotofu wa mita 2 niliousema haupo. Ukiendesha hatua 100 kwa sekunde unapata vipande kumi vya mzunguko mmoja, kila kimoja na wakati wake. Ni polepole zaidi, ila ni karibu na ukweli.

La tatu ni zawadi iliyojificha. CARLA ina lida ya pili, ya kisemantiki, ambayo kwa kila nukta hutoa aina ya kitu, namba ya kitu chenyewe, na kosaini ya pembe ambayo mwali umepiga uso. Haina kelele wala haitupi nukta. Wengi huiona ni ya kutengenezea lebo tu, lakini umbali, pembe na aina ya uso ndivyo vitu vinavyoamua kama mwali utarudi. Tutairudia baadaye.

Njia ya pili: mtaa halisi, miale ya hesabu, na mtandao unaojifunza mashimo

Mwaka 2020, watafiti wa Uber ATG, kitengo cha Uber cha magari yanayojiendesha, na Chuo Kikuu cha Toronto, Raquel Urtasun akiwa mmoja wao, walitoa kazi iitwayo LiDARsim. Wazo lao naliheshimu sana kwa sababu linagawa kazi kwa haki: kinachojulikana kwa hesabu kifanywe kwa hesabu, na kisichoandikika kwa kanuni kifundishwe kwa data.

Walipitisha magari yao mitaani mara nyingi, wakaunganisha mizunguko ya lida, wakaondoa vitu vinavyotembea, wakabaki na ramani ya mji ulio tuli. Pembeni wakajenga ghala la vitu vinavyotembea, zaidi ya 25,000, vyote vilivyochongwa kutoka kwenye data ya kweli. Kutaka mtaa mpya ni kuchukua kipande cha ramani, kupanga magari kutoka ghalani, kisha kurusha miale kwa hesabu. Hadi hapo data ni kamili mno. Ndipo unapoingia mtandao wa neva, programu inayojifunza kutokana na mifano, wa aina ya U-Net, ambayo hupokea picha na kutoa jibu kwa kila kidoti chake: unatazama kila mwali, umbali wake, pembe yake, mwanga uliotarajiwa na majirani zake, halafu unatoa uwezekano wa mwali huo kurudi.

Mafunzo ya mtandao huo hayahitaji mtu wa kuweka lebo. Unarusha miale ya hesabu kwenye ramani kutoka mahali palepale ambapo gari halisi lilikuwa. Unalinganisha na kilichorekodiwa. Pale ambapo hesabu ilitarajia nukta na rekodi haina kitu, hilo ni somo.

Gari letu jeusi hapa hupata shimo lake, na shimo lenye umbo sahihi, kwa sababu mtandao umeona maelfu ya ubavu wa magari ukitoweka kwa pembe kama ile. Mtoto naye anaweza kupandikizwa, mradi yumo ghalani. Sipendi sana namna watu wanavyoruka neno hilo, ghala. Gari ni kitu kigumu: ukiliona kutoka pande tatu unaweza kulijenga lote. Mtoto hukunja magoti, hubeba mkoba, hugeuka. Kumpata akiwa katika umbo linalotakiwa kunahitaji kazi nyingine.

Kilicho ghali katika njia hii ni kupita barabarani. Bila gari lenye lida na mahali linapokwenda kujulikana kwa usahihi, hakuna ramani. Lakini kwa mwanafunzi mwenye kompyuta moja kuna njia ya mkato. SemanticKITTI, yaani data ya KITTI iliyoongezewa lebo, ina mizunguko zaidi ya 43,000, yenye mahali pa gari katika kila mzunguko, na katika safari 11 za mafunzo kila nukta imewekewa lebo inayotofautisha hata gari linalotembea na lililoegeshwa. Unaondoa vinavyotembea, unajenga ramani, unarusha miale, unafundisha U-Net. Kadi moja ya grafiki inatosha. Tahadhari mbili: mwali ulioelekea angani haukurudi kwa sababu hapakuwa na kitu, usiuhesabu kuwa shimo, na data ya KITTI ya mfululizo huo imekwisha kunyooshwa dhidi ya mwendo wa gari, kwa hiyo haitakufundisha chochote kuhusu upotofu wa mzunguko.

Njia ya tatu: mtandao unaokariri mandhari

Baada ya NeRF kutokea mwaka 2020 na kuonyesha kwamba mtandao wa neva unaweza kukariri mahali kutokana na picha, haikuchukua muda watu wa lida kuuliza swali lao. Mwaka 2023 Neural LiDAR Fields ilifanya hivyo kwa uangalifu niliofurahia kuusoma: badala ya kuuchukulia mwali kama mstari unaogusa nukta moja, iliiga mwanga unavyosafiri, unavyotanuka, na unavyoweza kutoa jibu la pili. Mwaka huohuo Waabi, kampuni aliyoianzisha Urtasun mwaka 2021 huko Toronto, ilitoa UniSim, inayochukua safari moja iliyorekodiwa na kuigeuza kuwa mahali unapoweza kupahariri: toa gari hili, sogeza lile, badilisha mwendo wa gari lenyewe, halafu tengeneza tena picha za kamera na nukta za lida. Kisha mwaka 2024 ikaja NeuRAD kutoka Zenseact ya Uswidi. Hiyo msimbo wake uko wazi, na ndani yake wameweka upotofu wa mzunguko, kutanuka kwa miale na miale isiyorudi, vyote vitatu. Kundi hilohilo likafuata na SplatAD, inayotumia matone ya Gauss, vijiwingu vidogo vinavyopangwa kuunda mandhari, badala ya mtandao wa kuulizwa nukta kwa nukta, na kasi yake ni takriban mara kumi zaidi.

Kama gari jeusi, lami iliyolowa na saa ileile ya mchana vilirekodiwa, njia hii ndiyo inayovirudisha kwa uaminifu kuliko zote. Shimo linatoka pale lilipokuwa, kingo zake zina nukta zilezile zinazoelea, kibao cha namba kinang'aa vilevile. Ukisogeza gari letu nusu mita kushoto, bado unaamini unachokiona.

Lisogeze mita tatu, ingia njia ya pili ambayo haikupitwa siku ile, na mambo yanageuka. Mtandao haujui nyuma ya gari jeusi pana nini. Haukupaona. Utajaza kwa kubahatisha, na ubahatishaji wake una sura ya ukweli, jambo ambalo ni baya kuliko tundu lililo wazi. Na mtoto? Kama siku ya kurekodi hapakuwa na mtoto, huna mtoto. Unaweza kumleta kutoka safari nyingine, lakini hapo umerudi kwenye tatizo la ghala na viungo vinavyokunjika.

Jambo moja zaidi ambalo halisemwi vya kutosha: kila safari hufunzwa peke yake. Ukiwa na safari 5 ni kazi ya siku chache. Ukiwa na 5,000 ni bajeti ya kampuni.

Njia ya nne: modeli zalishi

Hapa hakuna ramani, hakuna ghala, hakuna miale ya hesabu. Wingu la nukta linakunjuliwa kuwa picha ya umbali, safu moja kwa kila mwali na safuwima kwa kila pembe ya mzunguko, halafu modeli inafunzwa kuchora picha kama hizo kutoka kwenye kelele tupu. Mwaka 2019 Lucas Caccia na wenzake walionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2022 LiDARGen, kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, ikaleta mbinu za difyusheni, yaani kusafisha kelele hatua kwa hatua hadi picha itokee, na ubora ukapanda ghafla. Kasoro yake ilikuwa uzito: picha moja ilihitaji hatua nyingi mno za kusafisha kelele. Mwaka 2024 zikaja R2DM ya Kazuto Nakashima na Ryo Kurazume, na LiDM ambayo waandishi wake walipima kasi hadi mara 107 zaidi ya modeli za difyusheni zinazofanya kazi nukta kwa nukta.

Mashimo ya modeli hizi ni mazuri ajabu. Zimejifunza kila kitu pamoja: umbali, mwanga, na mahali pasipo kitu. Hakuna mtu aliyeziambia kwamba kioo hupitisha miale, na bado zinachora magari yenye madirisha matupu.

Lakini jaribu kuomba mtaa wetu. Mwambie mchoraji huyu: gari jeusi mita 40 mbele kulia, mtoto nyuma yake, lami imelowa. Modeli ya msingi haisikii. Inakupa mtaa, mtaa wa kuaminika kabisa, ila ni mtaa wowote. Zipo zinazoongozwa kwa lebo, kwa picha ya kamera au kwa maneno, na LiDM ni mojawapo, lakini kuongozwa kwa jumla hakulingani na kuweka kitu kwa sentimita. Lebo za vitu hazitoki zenyewe. Na mzunguko unaofuata, sekunde 0.1 baadaye, hauna undugu na huu isipokuwa modeli iwe imejengwa kwa ajili ya mfuatano. Gari haliwezi kujifunza kufunga breki kwa picha zisizojuana.

Basi zinafaa nini? Zinafaa pale ambapo sehemu ya jibu unayo tayari. Lida yako ina miale 16 na unataka kujua ya 64 ingeona nini. Kipande cha mzunguko kimepotea. Data ina kelele. LiDARGen na R2DM zinajaza mapengo ya aina hiyo bila kufunzwa upya. Kwangu hiyo ndiyo kazi yao ya heshima kwa sasa, kuliko kutengeneza mitaa kutoka hewani.

Hali ya hewa ina mlango wake

Kama shida yako ni mvua, ukungu au theluji, usianze na yoyote kati ya hizo nne. Martin Hahner na wenzake wa ETH Zürich walichukua njia fupi: mwaka 2021 walitoa mbinu ya kuongeza ukungu juu ya data halisi ya siku safi, na mwaka 2022 wakafanya hivyo kwa theluji, pamoja na lami iliyolowa. Kila nukta halisi hupunguzwa nguvu kulingana na umbali iliopita ndani ya ukungu. Ikizidiwa na mwanga uliorudishwa na ukungu wenyewe, nukta huhama au hupotea. Ni fizikia, si mtandao wa neva, na inafanya kazi vizuri kwa sababu kila kitu kingine kwenye data ni cha kweli tayari. Lami ya mtaa wetu ningeilowesha kwa njia hiyo.

Utajuaje kuwa imefaulu

Makala za utafiti zimejaa vipimo: tofauti ya umbali wa wastani, umbali wa Chamfer (kila nukta iko mbali kiasi gani na iliyo karibu nayo katika wingu la pili), ulinganisho wa jinsi nukta zilivyotawanyika zikitazamwa kutoka juu. Vina kazi yake, ila havijibu swali la gari. Wingu lenye sentimita mbili za kosa kila mahali linaweza kuwa salama, na lenye kosa sifuri isipokuwa mtoto mmoja aliyesahaulika ni janga, na wastani utalisifu la pili.

Ninachokiamini ni vipimo viwili vya kazi. Cha kwanza: fundisha modeli ya kutambua kwa data bandia, ijaribu kwa data halisi. Mfano wa SqueezeSegV2 ya mwaka 2018 ninaurudia kila nikipata nafasi. Ilifunzwa kwa data iliyotoka kwenye mchezo wa kompyuta, na ilipopelekwa kwenye data halisi usahihi ulikuwa asilimia 29.0. Waandishi wakafundisha mtandao kukisia nguvu ya mwanga ambayo mchezo haukuwa nayo, wakasogeza tabia ya data bandia karibu na ya kweli, na usahihi ukafika 57.4. Mtaa ulikuwa uleule na magari yaleyale. Kilichobadilika ni namna mwanga unavyorudi.

Cha pili: chukua modeli iliyofunzwa kwa data halisi, mpe tukio halisi na nakala yake ya kuigwa, uone kama inakosea mahali palepale. Hiki ni kigumu zaidi na ni muhimu zaidi kwa usalama. Kama gari halisi lilimkosa mtoto na gari la kuigwa limemwona, uigaji wako unakufariji kwa uongo.

Ipi ikufae

Kama unajifunza, au unajenga programu ya kupanga njia na kufunga breki, anza na CARLA. Tumia hatua 100 kwa sekunde, panga miale kwa pembe za lida unayoiiga, na usitumie nukta zilizotupwa kwa bahati nasibu. Washa lida ya kisemantiki, chukua umbali, kosaini na aina ya uso, na baada yake weka U-Net uliyoifunza kwa SemanticKITTI kukisia mashimo. Huo ni mchanganyiko wa njia ya kwanza na ya pili, na kwa mtu mwenye kompyuta moja sijaona thamani kubwa zaidi kwa gharama hiyo. Uhuru wa kumweka mtoto unabaki, na shimo la gari jeusi linapatikana.

Kama una safari ulizorekodi mwenyewe na unataka kurudia tukio lililokutia hofu, uone gari lingefanya nini kama lingeanza kufunga breki mapema kidogo, nenda NeuRAD au SplatAD. Kaa karibu na njia uliyopita. Nusu mita, mita moja. Ukihitaji zaidi ya hapo, rekodi tena ukipita njia ya pili.

Kama una lida hafifu na unataka kuona mbele zaidi, chukua R2DM. Usiitumie kama ushahidi wa usalama. Nukta iliyobuniwa ni dhana, hata ikiwa dhana nzuri.

Na kama unafikiria barabara zetu, kuna la kuangalia kabla ya kupakua chochote. KITTI na KITTI-360 ni za Karlsruhe, Ujerumani, mkusanyo wa Waymo Open Dataset ni wa miji ya Marekani, na kote huko magari hupita kulia. Hilo halina shida kwa Rwanda na Burundi. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, iliyo karibu ni ile karibu nusu ya mkusanyo wa nuScenes iliyorekodiwa Singapore, ambako hupita kushoto kama sisi. Unaweza pia kuigeuza data kushoto kulia kwa kubadilisha alama ya mhimili mmoja, na kwa maumbo inatosha. Kumbuka tu kwamba lida nayo itakuwa inazunguka kinyume, kwa hiyo upotofu wa mwendo utaelekea upande usio wake.

Pikipiki haimo katika aina za vitu za KITTI ya awali. Imo kwenye nuScenes. Bajaji haina aina yake kwenye zote mbili. Modeli zalishi iliyofunzwa kwa mikusanyo hiyo haitakuchorea bodaboda aliyebeba abiria wawili na mkungu wa ndizi, hata ukiiomba usiku kucha, na mtandao wa mashimo haujui turubai la bajaji linarudisha mwanga kiasi gani. Hapo njia ya pili inashinda tena, kwa sababu ghala linaweza kuanza na kitu kimoja. Egesha bajaji uwanjani, izunguke na lida iliyo juu ya mkokoteni kwa umbali wa mita 5, 10, 20 na 40, asubuhi kukiwa kukavu na tena baada ya mvua. Hifadhi mizunguko yote, pamoja na miale ambayo haikurudi.